Mwosha na Shahidi

Mwenye kupita Kitui katika miezi ya kiangazi, wakati mito ya Nzeeu na Tiva imekauka ikabaki njia pana za mchanga, huwaona kina mama wamepiga magoti ndani ya mashimo waliyoyachimba kwa mikono yao, wakisubiri maji yajichuje chini, wakiyateka kikombe kwa kikombe na kuyamimina katika madumu ya manjano, huku punda wamesimama kando na vichwa vimeinama. Siku moja katika siku kama hizo huja mgeni. Ana karatasi zenye maswali, ana barua ya idhini, ana adabu, na aghalabu ana nia njema. Huuliza: nyumbani mko wangapi? Jana mlikula mara ngapi? Aliyefariki ni nani, na kwa maradhi gani? Mzee wenu huzipata zile fedha za serikali za kila mwezi, au jina lake halikuingia katika daftari? Mama hujibu yote, maana mgeni ni mgeni, na kwa Wakamba kama kwa watu wa pwani mgeni hafungiwi mlango. Kisha mgeni hushukuru, hukunja karatasi zake, hupanda gari, na vumbi hutua nyuma yake. Baada ya mwaka mmoja au miwili majibu ya mama yule huwa yamegeuka tarakimu, tarakimu zimepangwa katika jedwali, jedwali limekuwa makala, makala imepigwa chapa katika jarida la mji wa mbali, na mtungaji wake amepandishwa daraja. Mama hana habari.

Mambo haya hutendeka kila mwaka katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, kwa kuwa ardhi hii kame, yenye watu wa bidii na mvua za kubahatisha, imewavutia watafiti wa ustawi wa jamii kwa vizazi vingi. Nami nataka tuulizane swali moja: elimu iliyopatikana kutokana na dhiki ya mtu ni mali ya nani, na yule anayeitangaza ana dhima gani mbele ya Mola wake na mbele ya mtu huyo? Swali hili lilikuwa la dini kabla halijawa la vyuo, na vyuo vitalijibu vibaya vikisahau lilikotoka.

Dini na mila zimetuachia amri mbili juu ya jambo hili, na ugumu wote umo katika kuwa amri hizo zinavutana. Ya kwanza yatuamuru tusifiche elimu. Katika Uislamu, mwenye elimu aliyeulizwa akaificha ameonywa onyo kali. Katika Injili, mtumishi aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini hakusifiwa kwa uangalifu wake, alinyang'anywa hata hicho kimoja alichokuwa nacho. Na wahenga wetu, waliojua kwamba ukimya nao huua, walisema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua. Amri ya pili yatuamuru tusitiri aibu za wenzetu. Muumini amekatazwa kuwapeleleza watu na kufichua yaliyositirika nyumbani mwao. Na katika Agano la Kale imesimuliwa habari ya Nuhu, aliyelala uchi hemani mwake, mwanawe mmoja akamwona na kutoka nje kuwaambia ndugu zake, na hao ndugu wawili wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasione, wakamfunika baba yao. Haya basi, mtafiti wa ustawi wa jamii ni yupi kati ya wana hao? Ameingia hemani, ameona, ametoka nje, na sasa anasimulia. Akinyamaza ameificha elimu. Akisema ameifichua aibu.

Nimeitafakari mizani hii kwa muda mrefu, na kilichonisaidia ni methali ya pwani isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huingia chumbani akafungiwa mlango pamoja na aliyeaga dunia. Huuona mwili wote, makovu yake, vilema vyake, na kila kitu ambacho mwenyewe alikificha kwa nguo maisha yake yote. Kisha hutoka, akaketi na waombolezaji, asiseme neno. Huo ndio uaminifu wa kazi yake, na mwosha anayesimulia haitwi tena katika nyumba ya mtu. Lakini tufanye kwamba, katika kumgeuza maiti ubavuni, mwosha ameona jeraha la kisu. Je, bado sitara inamtaka anyamaze? Hapana mwenye akili atakayesema hivyo. Kilema ni cha mwenye mwili, na kukisema ni kumvua nguo mara ya pili. Bali jeraha ametiwa na mtu mwingine, na kulinyamazia ni kumsaidia aliyemtia. Kwa kilema mwosha ni mwenye kusitiri; kwa jeraha mwosha huyo huyo ni shahidi, na shahidi asiyekwenda kushuhudia ameshiriki katika dhulma.

Huu ndio upambanuzi ninaouona kuwa msingi wa kazi yote ya kutangaza habari za wanyonge: lililo aibu lisitiriwe, lililo jeraha lishuhudiwe. Na taabu yetu kubwa, tangu zamani hata leo, imekuwa kuyachanganya mawili hayo, yaani kuyaandika majeraha ya watu kana kwamba ni vilema vyao.

Tazama yaliyoandikwa juu ya Ukambani katika miaka ya 1930. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni ya leo, na ikakaa hivyo hadi ilipogawanywa mwaka 1992, ilikuwa imemomonyoka udongo vibaya sana. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher alitoa taarifa yake juu ya mmomonyoko huo, akaieleza nchi ile kuwa mfano wa kutisha, na watu wake kuwa wanaporomoka kuelekea ufukara usio na tumaini. Macho yake hayakumdanganya katika kuona makorongo, kwani makorongo yalikuwapo. Lakini taarifa za namna ile zilihesabu ng'ombe wa Mkamba zikaona ni wengi mno, zikatazama kilimo chake zikaona ni kibovu, na zikapita kwa haraka juu ya jambo ambalo kila mzee wa Ukambani angelisema bila ya kuulizwa mara mbili, kwamba vilima vya Mua vilikuwa vimetwaliwa na walowezi, na Yatta ilikuwa imepigiwa mpaka kuwa ardhi ya Mfalme, na mifugo iliyokuwa ikitembea mbali kufuata mvua sasa ilikuwa imebanwa mahali pamoja. Jeraha liliandikwa kama kilema. Na kwa kuwa kilichoandikwa kilikuwa kilema, dawa nayo ikawa adhabu: mwaka 1938 serikali ikaanza kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu, ng'ombe wakauzwa kwa bei ya chini, ilhali kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kikiwangoja.

Watu hawakuwa na jarida la kujibu, wakajibu kwa miguu. Mkamba mmoja aitwaye Muindi Mbingu aliongoza umati wa wanaume na wanawake hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana mwenyewe. Mwisho wake serikali ililegeza amri ile, lakini Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Huwa nikifikiri juu ya mtu huyo wa bara kame akitazama bahari kutoka katika mji wa wanazuoni, mji wa mashairi na tarekhe. Mtu ambaye kosa lake lilikuwa kudai kwamba walioandikwa nao wana haki ya kusema juu ya yaliyoandikwa.

Na yaliyoandikwa yalikuja kusahihishwa, walakini baada ya miaka zaidi ya hamsini. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, huyu wa mwisho akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa wilaya ile waliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya nchi kugeuka jangwa kama ilivyotabiriwa, mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka, na mazao kwa kila mtu yakapanda. Sababu walizozitaja ni barabara na masoko, elimu, fedha zilizoletwa na waliokwenda kufanya kazi mijini, na juu ya yote jasho la vikundi vya mwethya, ambamo kina mama wa Ukambani hukusanyika leo katika shamba la huyu na kesho katika shamba la yule, wakichimba matuta.

Hapo yafaa tuinamie shamba moja tutazame. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko wa kilima, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu wa mtaro, ukawa ukingo. Mvua inapokuja, udongo unaoteremka hukamatwa na ukingo ule, na mwaka baada ya mwaka mteremko hujisawazisha wenyewe ukawa ngazi kubwa za shamba. Namna hii ya kulima matuta huitwa fanya juu. Maneno haya mawili ya Kiswahili yamo leo katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo duniani, yameandikwa vivyo hivyo, hayakufasiriwa. Nayakumbusha kwa ajili ya wale wanaotuambia kwamba elimu ya kisasa haiwezi kusemwa katika lugha zetu.

Lakini insafu yataka nikamilishe habari. Kitabu kile cha 1994 nacho kilipata wakosoaji, mmojawapo John Murton, ambaye mwaka 1999 alionyesha kwamba wastani wa wilaya nzima unaweza kupendeza huku ndani yake waliojaliwa mishahara ya mjini wakizidi kununua ardhi na wasiojaliwa wakizidi kupungukiwa. Kumbe jeraha laweza kufichwa na taarifa mbaya, na laweza kufichwa na taarifa nzuri pia. Ndiyo maana elimu haikamiliki kwa kitabu kimoja, na ndiyo maana kutangaza ni faradhi: kosa lililopigwa chapa laweza kusahihishwa na mwingine, bali kosa lililofungiwa ndani ya faili la ofisi hutawala watu bila ya kuonekana.

Tena tusidhani kwamba kabla ya mtambo wa chapa watu hawa hawakuwa na njia yao ya kutangaza. Wakamba huzipa njaa majina, na jina la njaa huwa ni taarifa yake. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye. Njaa ya mwaka 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa ilhali ninacho mkononi, kwa sababu mtu aliweza kuwa na fedha asipate mahindi ya kununua. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1981, mwanauchumi Amartya Sen alikuwa ameeleza katika kitabu mashuhuri kwamba mara nyingi watu hufa njaa chakula kikiwapo sokoni, kwa kukosa uwezo wa kukipata. Na wanakijiji wa Ukambani, bila ya kukisoma kitabu hicho, waliiandika kwa maneno mawili hali iliyo kinyume chake, ya fedha ipo na chakula hakipo. Jina hilo halimtaji mtu yeyote. Halisemi ni nyumba ya nani iliyolala na njaa, wala ni mama yupi aliyeomba. Aibu zote limezisitiri, na jeraha limelishuhudia, likakaa midomoni mwa watu hadi leo. Sijui kama kuna utafiti uliotangazwa kwa adili kuliko huo.

Sasa na tuje katika zama zetu, na mahali pamoja panapoitwa Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui. Hapo mwaka 2006 kilianza kijiji kinachoitwa Nyumbani, kilichoasisiwa na Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia tabibu wa maradhi ya akili, ambaye tangu mwaka 1992 alikuwa na makao Nairobi ya watoto walioambukizwa virusi vya UKIMWI, na ambaye alifariki mwaka huo huo kijiji kilipoanza. Maradhi yale yalikuwa yamewachukua walio katikati ya umri, yakawaacha wazee bila ya watoto na watoto bila ya wazazi. Kijiji kikawaunganisha walioachwa, bibi mmoja, ambaye kwa Kikamba huitwa susu, pamoja na watoto wapatao kumi chini ya paa moja, wengine wajukuu wa damu yake na wengine yatima wa nyumba nyingine. Na katika Kwa Vonza hiyo hiyo ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Majirani hawa wawili, mmoja ana kalamu, na mwingine ana elimu ya namna nyumba iliyobomoka inavyoshonwa upya kwa mikono ya vikongwe.

Ni nini basi kinachoruhusiwa kutoka katika nyumba ya susu kikaenda kwenye jarida? Kwamba mtoto fulani ana virusi, hilo ni siri ya mtoto, na lazima lisitiriwe hata pale ambapo jina limeachwa lakini kijiji, umri na kisa vimeelezwa kwa namna ambayo jirani atamtambua. Kwamba mtoto alikosa dawa kwa sababu zahanati iko mbali, au kwamba bibi aliyetimiza umri unaotakiwa hajaandikwa katika daftari la fedha za wazee, hayo ni majeraha, na mtafiti aliyeyaona akanyamaza ataulizwa. Na kwamba susu anajua namna ya kumtuliza mtoto aliyezika wazazi wawili, hilo halimo katika aibu wala katika jeraha. Ni elimu yake, na mwenye kuichukua na ataje ilikotoka, kama anavyowataja maprofesa.

Wala mtu asidhani kwamba kushuhudia hakuleti faida. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza majaribio ya kuwapa fedha walezi wa yatima, kaya kama mia tano tu katika Kwale, Garissa na Nairobi. Matokeo yakachunguzwa, yakaandikwa, yakatangazwa, na mpango ukakua mwaka hadi mwaka hata ukawa sehemu ya Inua Jamii, inayowafikia leo yatima, walemavu na wazee katika kaunti zote. Ushahidi ulioandikwa vizuri ulimfikia mwenye hazina, na mkono wa hazina ukafunguka. Kwa hiyo siwaambii watafiti wanyamaze. Nawaambia warudi.

Maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Dola. Kifungu cha 7 chakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na chaitaka Dola iziendeleze lugha za wenyeji. Mwaka 2014 wanazuoni wa ustawi wa jamii wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda walitoa Kampala kitabu chao juu ya taaluma hii katika Afrika Mashariki, na mwaka huo huo vyama vya dunia vya kazi hiyo, vilipokutana Melbourne, vilikubali kwamba maarifa ya wenyeji ni miongoni mwa misingi yake. Hayo yote ni mema. Lakini maarifa ya wenyeji yanayoandikwa kwa lugha wasiyoisoma, katika jarida ambalo kulisoma kwadai malipo ya dola, yamekuwa maarifa yaliyotoka kwa wenyeji tu. Njia ya kurudi haijatengenezwa.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Watasema kwamba taarifa ikirudishwa kijijini kabla ya kupigwa chapa, wenye nguvu wataivuruga: karani aliyeandika majina ya jamaa zake akayaacha ya wajane atakuwa wa kwanza kukanusha. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini kumrudia mtu kumuuliza kama nilichokiandika ndicho alichoniambia ni jambo moja, na kumwomba ruhusa ya kusema ukweli ni jambo jingine. Na mtafiti mwenye busara ataweza kuwasikiliza wajane peke yao kabla ya kumsikiliza karani hadharani. Mimi nawajibu kwa swali: ni nani awezaye kutenganisha aibu na jeraha kama si mwenye mwili? Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lau taarifa ya mwaka 1937 ingalisomwa kwanza mbele ya wazee wa Ukambani, kwa lugha yao, chini ya mti wao, wasingalikana makorongo, maana waliyakanyaga kila siku. Wangaliuliza tu mbona Yatta haikutajwa. Swali hilo moja lingaliokoa ng'ombe wengi, na pengine lingalimwepusha mtu mmoja na safari ya Lamu.

Wala mahali pa kuzisomea taarifa hizi hapakosekani. Makueni, tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013 chini ya gavana wake wa kwanza Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, ilijijengea desturi ya mikutano ya wananchi inayoanzia kijijini na kupanda juu, na watu wakazoea kukaa na kujadili mradi gani utangulie, wa maji au wa barabara. Watu waliozoea kuijadili bajeti hawawezi kushindwa kuijadili makala. Vipo vikundi vya mwethya, yapo makanisa, ipo misikiti, zipo redio zinazosema Kikamba mchana kutwa.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu, hasa ninyi mnaoandika tasnifu juu ya ustawi wa jamii, na ninyi mnaotoa vibali na fedha za utafiti. Siku ya kurudi iandikwe katika mpango wa kazi tangu mwanzo, pamoja na nauli yake, kama inavyoandikwa siku ya kwenda. Muhtasari wa kurasa mbili uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kikamba, usomwe kwa sauti mahali pale pale maswali yalipoulizwa, na waliojibu wapewe nafasi ya kusema hapa umekosea. Mtakayoyaona kuwa aibu yao mwende nayo kinyumenyume, kama wale wana wawili wa Nuhu. Mtakayoyaona kuwa majeraha yao myaseme mbele ya mwenye hukumu bila ya kutetemeka. Yule mama wa Nzeeu aliacha kuteka maji ili akujibuni. Mnamwia jibu.